Njiwa Juu ya Ncoolo

Jumapili, 1 Februari

Bwana asifiwe. Leo bahasha zangu za sadaka zimeingia kanisani, na kanisa letu halitakuwa lile la jana.

Nimezitengeneza kwa panchi ya moyo. Daftari jipya, wewe hujui panchi. Ni kidude cha plastiki cha kujaa kiganja. Unaingiza karatasi, unabonyeza, kah! Kunadondoka umbo, na karatasi inabaki na tundu la umbo lilelile. Ninazo nne: moyo, ua, nyota na njiwa. Binamu yangu aliniletea kutoka soko la Kamukunji, na tangu siku hiyo ninajihesabu mwanabiashara. Karatasi naikata kwenye kalenda za zamani na mabango ya kampeni. Ni karatasi ngumu, inang'aa, na waheshimiwa wenyewe wameshamaliza nayo.

Kila bahasha ina moyo katikati, ili tutoe kwa moyo. Wazo lilinijia nikiomba, kwa hivyo sikulihoji.

Wakati wa sadaka, sarafu zilianza kutoka. Zilipita moyoni, zikaanguka chini, zikabingirika hadi chini ya kinanda. Kwaya ikapoteza wimbo. Halafu noti! Noti haianguki, lakini inaonekana. Mzee mmoja wa kanisa, yule anayekaa mbele kabisa na kuombea wote wenye mikono mizito, ilionekana moyoni mwake noti ya hamsini. Mstari mzima uliona. Waliokuwa nyuma yake wakafungua pochi upya na kubadilisha.

Mweka hazina anasema sadaka imepita ya Krismasi. Lakini mchungaji ameniomba, kwa upole, nisilete bahasha tena. Amechoka, maskini. Nimemsamehe.

Mutwiri, mume wangu, ameniuliza njiani kama bahasha isiyo na tundu ingekuwa mbaya. Nimemwambia bahasha isiyo na tundu ni bahasha tu.

Jumatatu, 2 Februari

Mwenzangu, sasa nikuambie jambo kubwa.

Jumamosi tunapeleka ncoolo ya Kubai. Kubai ni kifungua mimba wetu, yuko ofisi ya mifugo, ana miaka thelathini na minne, na magoti yangu yamekwisha kwa kumwombea mke. Mungu amejibu. Msichana anaitwa Janice, ni muuguzi, ana adabu, na anacheka vizuri. Tatizo ni baba yake. Mzee Jasper ametoka Igembe kama sisi, na ingawa amekaa Isiolo miaka mingi, mila hajaishusha kwenye lori. Mchumba wa kwanza wa Janice alifukuzwa kwa sababu wazee wake walichelewa kufika. Kubai naye akifukuzwa, sijui kama atajaribu tena. Mtoto wangu ni mtu wa kukata tamaa haraka. Amefuata baba yake.

Ncoolo ni bunda la miraa iliyochaguliwa, limefungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba. Baba ya msichana akilifungua na wazee wakatafuna, basi msichana ana mwenyewe. Akilikataa, mnalibeba kurudi nalo nyumbani, majirani wakiangalia.

Kanisa letu halipendi miraa. Mimi pia siipendi. Lakini ncoolo si kutafuna, ni heshima. Hata hivyo imenisumbua rohoni, na leo nikiwa nafua nimepata jibu. Nitaitengenezea sanduku! Karatasi nyeupe, maua pembeni, na juu yake njiwa, alama ya Roho. Hekalu la Sulemani lilichongwa maua kila ukuta, na hakuna aliyelalamika. Miraa ikikaa chini ya njiwa itakuwa imetulia.

Tena wageni wataona. Kila mama mwenye kijana wa kuoa, Isiolo yote mpaka mji wa Maua, atataka sanduku kama lile. Hamdia ajipange.

Huyo Hamdia ana duka la zawadi karibu na stendi. Anauza mifuko ya kung'aa ya plastiki laini iliyoandikwa maneno ya kizungu. Watu wanaenda tu. Akiniona ananiita Mama Kubai, anauliza habari ya mashimo.

Jumatano, 4 Februari

Leo kulikuwa na mambo madogo.

Abiba, jirani yetu, alikuwa anaenda kumwona mzazi aliyejifungua juzi, kule Kulamawe, na kwa Waborana huendi mikono mitupu. Unabeba sukari na majani ya chai. Nikamwambia asiende na sukari kwenye karatasi ya dukani kama mtu aliyetumwa. Nikampa visanduku vyangu viwili vya nyota. Alivipenda. Alisema mashallah.

Sukari ilitoka kwenye nyota. Ilitoka polepole, kwa hivyo hakujua. Ilichora mstari mweupe kutoka mlangoni kwangu, ukapita msikitini, ukavuka barabara. Mbuzi wa Dabasso, jirani yetu mwingine, waliufuata huku wakiramba. Abiba alifika kwa mzazi na visanduku viwili vitupu, pakiti ya majani ya chai, na mbuzi saba nyuma yake. Wale wa nyumba ile walidhani mbuzi ndio zawadi. Wakapiga vigelegele. Dabasso alienda kuwadai na ikabidi aeleze mbele ya watu.

Abiba si mtu wa kugomba. Alikuja akakaa, akanywa chai yangu bila sukari, makusudi, akaniangalia. Nimemshauri siku nyingine abebe sukari nguru. Ile haipiti kwenye nyota.

Kwa kweli sioni kosa la sanduku. Kosa ni la sukari.

Alhamisi, 5 Februari

Hamdia amekuja mpaka nyumbani! Nilijua siku hiyo itafika.

Alisema alikuwa anapita tu. Mtu hapiti tu kwetu, njia inaishia kwetu. Akaliona sanduku la ncoolo juu ya meza. Mwenzangu, ni zuri. Lina ukubwa wa begi la shule. Njiwa kumi na wawili juu ya kifuniko, maua pande zote, utepe wa dhahabu. Hamdia alilizunguka. Akaingiza kidole kwenye tundu la njiwa mmoja.

Halafu akauliza kama miraa itaingia humo na majani yake. Nikamwambia majani yatoke, yataharibu mstari wa sanduku. Akasema yeye hali miraa na hauzi miraa, lakini ndugu yake Waqo amepakia miraa ya kwenda Moyale tangu ujana, na hajawahi kumwona akivua majani kabla ya kufika. Akasema, "Mama Kubai, hata mimi mfuko wangu mzuri namuuzia mtu, lakini majani simwambii atoe."

Nilimshukuru. Nilimpa mandazi. Alipoondoka nilicheka peke yangu jikoni. Mtu akiogopa sanduku lako, anaanza kulishauri.

Nimemwombea, kwa sababu wivu unakula mtu ndani.

Ijumaa, 6 Februari

Ncoolo imefika!

Mutwiri ameitoa kwa mjomba wake Igembe alfajiri. Ameibeba kwenye mapaja njia yote kama mtoto mchanga. Ilikuwa imefungwa majani ya kijani yenye maji maji, imekazwa vizuri. Alinipa maagizo: iwekwe chini, mahali pa giza, isiguswe mpaka kesho saa nane. Halafu akaenda kulala, maskini, alikuwa ameamka mapema.

Niliifungua kwa maombi. Niliweka wimbo wa kuabudu kwenye simu. Miraa ilikuwa nzuri, nyekundu, imenyooka, hata mimi nisiyejua nilijua. Niliilaza ndani ya sanduku. Iliingia kama iliyopimwa. Lakini nikaona kuna nafasi pembeni, na nafasi tupu ni umaskini. Nikakumbuka yale maumbo yanayodondoka kutoka kwenye panchi. Nimeyaweka kwenye kopo tangu mwanzo, maana mimi situpi kitu. Maua, mioyo, nyota, ya rangi zote. Nikamwaga kopo lote juu ya miraa. Mwenzangu, ilikuwa kama bustani.

Majani ya mgomba niliyatupa nje. Mbuzi wa Dabasso wakayamaliza kabla sijarudi ndani. Hawa mbuzi sasa wananijua.

Sanduku nimeliweka dirishani, upande wa barabara. Jua linapita katika matundu ya njiwa na kutupa njiwa wa mwanga kwenye ukuta. Watu watatu wamesimama kuangalia. Mmoja aliuliza kama ni keki.

Mutwiri ameamka jioni, akaona, akakaa kwenye kiti. Akaniuliza majani yako wapi. Nikamwambia. Akatoka nje, akawaangalia mbuzi. Akarudi, akainyunyizia miraa maji kwa mkono, akalitoa sanduku dirishani. Nimelirudisha. Mwanaume akishaona kitu kizuri anataka kukificha.

Jumamosi, 7 Februari

Nitaandika, lakini nitaandika kwa utaratibu.

Tulifika kwa Mzee Jasper kwa wakati. Hilo lijulikane. Joto lilikuwa lile la Isiolo la Februari, la kukausha shati mwilini. Wazee wanne wa upande wao walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha mabati. Sisi wanawake tulikaa upande wa jikoni, mlango ukiwa wazi, kwa hivyo niliona yote. Ningependa nisingeona yote.

Sanduku lilipoingia, wazee wote waliinua shingo. Niliona ni heshima. Mama yake Janice alinishika mkono akauliza kama nimelitengeneza mwenyewe. Ndani yangu nilikuwa tayari nimefungua duka karibu na la Hamdia.

Mzee Jasper aliuvuta utepe. Kifuniko kikafunguka, upepo ukapita, na maumbo yangu yakaruka. Mioyo ikatua kwenye koti lake. Nyota zikaingia kwenye chai. Aliingiza mkono, akatoa mche wa miraa. Mche ulikuwa mweusi, umejikunja, na ulipoguswa ulitoa sauti kama ya kuni. Aliinua mwingine. Ukavunjika.

Kaka yake mkubwa, mzee mwenye kofia ya manyoya, alisema tusihukumu kwa macho. Mtu mwenye huruma. Alichagua kipande kilichobaki na ubichi kidogo, ule wa maji ya Mutwiri, akaweka mdomoni. Alitafuna. Akaacha kutafuna. Akaingiza vidole, akatoa kitu kwenye ulimi, akakiweka kwenye kiganja na kukisogeza kwenye mwanga. Lilikuwa ua la karatasi. Na katikati ya ua kulikuwa na jicho la mheshimiwa, lile la bango la kampeni, likimwangalia.

Mzee wa kofia akasema huyu yeye hakumpigia kura.

Kubai alikuwa anaangalia viatu vyake. Mzee Jasper alifunga sanduku taratibu, akamgeukia mume wangu, na maneno yake nimeyashika yote:

"Mutwiri, tuliomba ncoolo. Umetuletea ufagio ndani ya keki."

Mutwiri alisema ndiyo, mzee. Mume wangu hakunitaja. Angeweza. Hakunitaja. Nimemweka kwenye maombi ya usiku, mahali pa juu kabisa.

Wazee walizungumza kwa Kimeru kwa sauti ya chini. Nilidhani ndiyo basi. Niliona Kubai akizeeka peke yake katika nyumba ya ofisi ya mifugo. Mwishowe Mzee Jasper akasema hajakataa mtoto, amekataa sanduku. Turudi Jumamosi ijayo. Akasema:

"Ncoolo ije ikiwa imevaa nguo yake. Na mje na kondoo dume, maana mmemlisha kaka yangu siasa."

Tulilibeba sanduku kurudi nalo. Majirani waliangalia. Mmoja akauliza kama keki imebaki.

Lakini mwenzangu, Janice alinifuata getini. Aliniangalia, macho yake yakiwa na machozi ya kicheko alichokuwa amekifunga muda wote, akasema, "Mama, sanduku lilikuwa zuri."

Msichana ana jicho. Huyu ni wa kwetu.

Jumapili, 8 Februari

Nimetubu. Nimeona pale nilipokosea. Nilifanya matundu madogo. Njiwa mkubwa angeingiza hewa, na miraa ingepumua.

Nilimweleza Kubai baada ya ibada. Sikumaliza. Mtoto wangu hajawahi kunipandishia sauti na hata leo hakunipandishia, lakini alikaa mbele yangu, akaleta Biblia yangu mwenyewe, akaiweka magotini pangu.

"Mama, naomba kitu kimoja tu. Ncoolo ya pili usiiguse."

Akataka niape. Nikamwambia Maandiko yanasema ndiyo yenu iwe ndiyo, kwa hivyo siapi, nasema ndiyo. Akataka ndiyo ya bunda, ndiyo ya majani na ndiyo ya kamba. Nikazitoa zote tatu. Akataka panchi zikae kwake mpaka harusi. Nikampa ya njiwa, ya ua na ya nyota. Hakuuliza kama kuna nyingine. Mimi si mwongo, lakini pia si mtu wa kujaza maneno mahali ambapo hayakuombwa.

Alinikumbatia. Alisema, "Nampenda huyu msichana, Mama." Nililia kidogo. Ninaandika hili ili nisisahau jambo lenyewe ni nini.

Jumanne, 10 Februari

Habari zimefika stendi. Nilijua zitafika. Nimeitwa Mama Keki mara mbili kabla ya kununua nyanya.

Nilipita dukani kwa Hamdia na kichwa juu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Alinivutia kiti, akanipa chai ya maziwa ya ngamia, na akaniambia nimsubiri. Akatoka nyuma na kifurushi kikubwa, kimefungwa kwa karatasi yake inayong'aa, ya waridi. Ndani yake kulikuwa na majani ya mgomba. Mabichi, mapana. Waqo ameyashusha kwenye gari la miraa asubuhi. Akasema kama yale ya mjomba yatapasuka njiani, haya yawepo. Akasema hataki pesa, mtoto ni mtoto wetu sote, na mimi ningemfanyia hivyo.

Nilisema ningemfanyia. Kisha nikajiuliza njia nzima kama ningemfanyia. Naamini ningefanya. Ningeweka matundu kidogo.

Lakini angalia vizuri, mwenzangu. Hamdia amechukua majani, akayafunga kwa karatasi. Nani alianza hilo? Amekubali, bila kujua amekubali. Majani nimempa Mutwiri bila kuyagusa zaidi ya ilivyolazimu. Karatasi ya waridi nimeihifadhi.

Ijumaa, 13 Februari

Kila kitu kiko tayari kwa kesho, na roho yangu imetulia kama maziwa ya jana.

Ncoolo ya pili imefika mchana. Mutwiri ameifungia chumbani, ufunguo ameuvaa shingoni, na Kubai amelala mlangoni kwa godoro. Nimepita na sufuria, wote wawili wakaketi. Niliwaonea huruma. Nimesema ndiyo tatu na ndiyo zangu ni ndiyo. Sijaigusa ncoolo. Sijagusa jani. Sijagusa kamba.

Hakuna aliyesema lolote kuhusu kondoo.

Kondoo ameletwa jioni kutoka Kipsing. Dume jeupe, kichwa cheusi, mkia umejaa. Anapendeza, lakini ameingia uani kama mkopaji, hana kitu mwilini. Nikamwangalia, nikakumbuka maneno ya Mzee Jasper. Alisema ncoolo ivae nguo yake. Sasa ncoolo ina majani. Huyu naye nguo yake iko wapi? Tutaingia vipi kwa wakwe na mgeni mmoja amevaa na mwingine uchi? Tena kesho ni tarehe kumi na nne, siku ya wapendanao, dunia nzima ina mioyo, na panchi niliyobaki nayo ni ya nini? Ya moyo. Mimi sikupanga hilo. Limepangwa juu.

Nimemtengenezea mkufu kwa ile karatasi ya waridi ya Hamdia. Mioyo mikubwa, miwili miwili, imeshikana. Nilimvalisha nyuma ya choo, watu wakiwa kwenye chakula. Alisimama vizuri sana. Halafu akageuza shingo, akaula wote mpaka kwenye fundo, na akaniangalia kama anayeuliza kama umebaki.

Ni dalili nzuri. Mnyama hali kitu kibaya.

Nimeshaona kosa. Karatasi ilikuwa laini. Nimetoa kalenda ngumu, ya benki, na huu mkufu wa pili nimeupaka gundi pande zote. Ile mioyo iliyodondoka nimeiweka mfukoni. Nilifikiri kuimwaga juu ya manyoya yake tukifika, lakini nimejikataza. Mtu lazima ajifunze kutokana na yaliyopita. Nitamwaga nusu tu.

Mkufu uko kwenye mkoba wangu, chini ya Biblia. Nitamvalisha kondoo getini kwa Mzee Jasper, wanaume wakiwa wametangulia na ncoolo yao.